Maneno ya Uzito wa Tela

Mfasiri mmoja ametuletea maelezo ya tela la kubebea mitambo, yaliyoandikwa Marekani, akiuliza kama ni sahihi kuliita "tela la tani tatu na nusu". Swali laonekana dogo. Lakini afisa ugavi atalichagua tela kwa kuitegemea tafsiri hiyo, na dereva atalivuta kwa pikapu huko mteremkoni.

Kwanza, tani yenyewe. Maelezo yataja pauni 7,000. Tani ya Kimarekani ni pauni 2,000, yaani karibu kilo 907. Tani tuitumiayo sisi ni kilo 1,000. Kwa hiyo hizo tatu na nusu ni kilo 3,175 tu. Twashauri mfasiri aandike kilo, aiache tani.

Pili, na hapa ndipo penye hatari, pauni hizo si za mzigo. Ni uzito wa tela pamoja na vyote vilivyo juu yake. Ikiwa tela tupu lina kilo 900, zinazobakia mzigo ni 2,275. Mtambo mdogo wa kuchimbia, ule ambao mafundi huuita kijiko, ukiwa na kilo 2,500, msomaji wa "tani tatu na nusu" ataupakia bila wasiwasi. Naye atakuwa amezidisha kilo 225 kabla ya kuhesabu minyororo ya kufungia. Kwa sababu hiyo twapendekeza "uzito mtupu" kwa tela lisilo na kitu, "uzito wa mzigo" kwa kinachopakiwa, na "kikomo cha uzito jumla" kwa kiwango kisichoruhusiwa kupitwa. Neno "uwezo" peke yake halisemi ni uwezo wa nini. Tuiachie pikapu, kwa maana ya uwezo wa kuvuta. Huo nao hutajwa mara mbili: baadhi ya pikapu huruhusiwa kuvuta kilo 3,500 ikiwa tela lina breki zake, na 750 tu ikiwa halina. Mfasiri aliyeliruka neno "breki" ameruka jambo zima.

Lililotusumbua zaidi ni ile sehemu ya uzito wa tela inayoikalia pikapu kwa nyuma, penye kiungio. Kiingereza huipa jina la ulimi, na tumeona rasimu zenye "uzito wa ulimi". Fundi wa gereji atauliza, ulimi wa nani? Twaona "uzito wa kiungio" wafaa. Kwa matela ya namna hii, Marekani hushauriwa uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito jumla. Ukipungua, tela huyumba mwendo unapoongezeka. Ukizidi, nyuma ya pikapu hudidimia, magurudumu ya mbele yakapungukiwa na mshiko. Tena uzito huo huhesabiwa katika mzigo wa pikapu yenyewe, pamoja na abiria.

Mfasiri wetu tumemjibu aandike: "Kikomo cha uzito jumla kilo 3,175, uzito mtupu kilo 900, uzito wa mzigo kilo 2,275." Ni maneno mengi kuliko yake, lakini yatatosha katika kibao cha tela.