Jinsi lami ya Isiolo hadi Moyale ilivyobadilisha uchumi wa kaskazini

KWA miaka mingi, mkazi wa Marsabit au Moyale aliyefunga safari ya Nairobi aliwaaga jamaa zake kwa kuwaambia kuwa anaenda Kenya.

Usemi huo haukuwa mzaha. Kati ya Isiolo na Moyale, mji ulio kwenye mpaka wa Kenya na Ethiopia, palikuwa na karibu kilomita 500 za changarawe, mawe na vumbi. Mvua iliponyesha, malori yalikwama matopeni kwa siku kadhaa. Kiangazi kilipoingia, madereva walisafiri kwa misafara iliyolindwa na polisi kwa kuhofia majangili. Abiria wengi walisafiri juu ya malori, chini yao wakiwa ng'ombe na mbuzi waliokuwa wakipelekwa sokoni.

Leo basi linaloondoka Nairobi jioni hufika Moyale siku inayofuata. Badiliko hilo linaeleza, kuliko nadharia yoyote, jinsi kuunganishwa kwa maeneo na nchi jirani kunavyoweza kuinua uchumi, na pia mambo ambayo barabara peke yake haiwezi kuyatimiza.

Ujenzi wa lami ulianza mwaka wa 2007 kutoka Isiolo kuelekea Merille, kisha ukasonga kwa awamu hadi Marsabit, Turbi na hatimaye Moyale. Kazi hiyo iliyochukua takriban miaka kumi iligharamiwa na serikali ya Kenya pamoja na wafadhili, wakiwemo Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB) na Muungano wa Ulaya (EU). Sehemu hiyo ni kiungo cha barabara kuu inayonuiwa kuunganisha Cairo, Misri, na Cape Town, Afrika Kusini.

Kuchelewa kwake kulikuwa na sababu. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965, uliotolewa miaka miwili tu baada ya uhuru, ulipendekeza fedha za maendeleo zielekezwe katika maeneo ambako zingezaa matunda kwa haraka: yenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na miundomsingi iliyokuwepo tayari. Kaskazini kukame hakukutimiza masharti hayo. Eneo lisilo na barabara lilionekana halina bidhaa za kuuza, na kwa kuwa lilionekana halina bidhaa, halikupewa barabara.

Ukweli ni kwamba bidhaa zilikuwepo, ila gharama ya kuzifikisha sokoni ndiyo iliyozimeza.

Chukua mfano wa mfugaji mwenye fahali anayeweza kuuzwa kwa Sh60,000 jijini Nairobi. Iwapo nauli ya lori, ushuru wa njiani, uzito ambao mnyama hupoteza safarini na hatari ya kufa au kuibwa vinagharimu Sh20,000, mnunuzi hawezi kumlipa mfugaji zaidi ya Sh40,000, na hapo hajahesabu faida yake. Gharama hiyo ikipungua hadi Sh10,000, pana Sh10,000 zaidi za kugawanywa baina ya mfugaji, dalali na mwenye lori.

Nani anayepata fungu kubwa hutegemea ushindani. Mfugaji asiyejua bei ya jijini, na anayemtegemea dalali mmoja, hunufaika kidogo. Ndiyo maana simu ya mkononi na huduma za kutuma pesa kama vile M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka wa 2007, zimekuwa na umuhimu sawa na lami. Mfugaji anayeweza kuuliza bei kabla ya kuwapeleka mbuzi wake katika soko la Merille huwa na sauti ya kujadiliana.

Maziwa ya ngamia ni mfano mwingine. Maziwa huharibika upesi, hivyo thamani yake hutegemea saa zinazopita kati ya zizi na mnunuzi. Wanawake wa Isiolo wamejenga biashara ya kuyakusanya na kuyasafirisha kwa mabasi hadi mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ambako wateja ni wengi. Bila barabara ya kutegemewa, biashara ya aina hiyo haiwezi kudumu hata wiki moja.

Hata hivyo, barabara inayofika mpakani na kukumbana na foleni ni nusu ya barabara. Zamani, msafirishaji alikaguliwa na maafisa wa upande mmoja, kisha akaanza upya upande wa pili. Mnamo Desemba 2020, aliyekuwa Rais Uhuru Kenyatta na Waziri Mkuu wa Ethiopia Abiy Ahmed walifungua kituo cha pamoja cha mpakani mjini Moyale. Katika mfumo huo, maafisa wa forodha na uhamiaji wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja, na msafiri husimama mara moja tu.

Mpaka huo una uzito wa kipekee. Ethiopia ina zaidi ya watu milioni 100 lakini haina bahari tangu Eritrea ilipojitenga mwaka wa 1993, na sehemu kubwa ya mizigo yake hupitia Djibouti. Kenya inatarajia kupata fungu la biashara hiyo kupitia mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa mjini Lamu mwezi Machi 2012, wa kuunganisha bandari ya Lamu na Ethiopia pamoja na Sudan Kusini. Gati la kwanza la bandari hiyo lilifunguliwa Mei 2021. Lakini meli hazifuati gati tupu. Hufuata mizigo, nayo mizigo hufuata barabara iliyo imara na salama.

Isitoshe, Ethiopia si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo kanuni za forodha zinazorahisisha biashara kati ya Kenya na Uganda huko Busia na Malaba hazitumiki Moyale. Lami inaweza kumalizika ilhali kanuni na vibali vikabaki kikwazo.

Umeme nao umetoa funzo. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana huko Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, una mitambo 365 yenye uwezo wa kuzalisha megawati 310. Mitambo ilisimikwa kufikia mwaka wa 2017, lakini haikuwa na njia ya kufikisha umeme kwenye gridi ya taifa hadi Septemba 2018, wakati laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ilipokamilika. Kwa muda huo wote upepo ulivuma bure.

Kuna malalamiko mengine ambayo wakazi wameyarudia. Umeme huo husafirishwa kwenda kusini, ilhali mji wa Marsabit wenyewe ulitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi. Hapo ndipo hatari ya miradi ya kuunganisha kanda inapoonekana: eneo laweza kuwa njia ya kupitishia utajiri wa wengine, nalo likabaki lilivyokuwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa mifugo. Maadamu wanyama wanaondoka kaskazini wakiwa hai, kazi za kuchinja, kusindika nyama na kutengeneza ngozi hufanyika kwingineko, na mishahara yake hulipwa huko.

Ukame wa kati ya 2020 na 2023 uliangamiza zaidi ya mifugo milioni mbili nchini, kaskazini kukiathirika pakubwa. Barabara ilikuwepo, lakini mfugaji aliyefika sokoni na mnyama aliyekonda, pamoja na maelfu ya wenzake waliokuwa na haja hiyo hiyo, hakupata bei ya maana. Barabara humsaidia tu anayeuza mapema, na ili auze mapema anahitaji habari za hali ya anga, masoko yaliyo tayari kununua na mahali pa kuweka akiba.

Usalama nao hauletwi na lami. Mauaji ya kijamii yaliendelea kukumba Marsabit hata baada ya barabara kukamilika, hadi serikali ikatangaza kafyu mwezi Mei 2022. Duka likifungwa na lori likikataa kusafiri usiku, kilomita hurudi kuwa ndefu kama zamani.

Mwisho ni suala la ukarabati. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na barabara inayopitiwa na malori mazito kila siku haikosi nyufa. Serikali ya kitaifa na zile za kaunti zikiachia mashimo yatawale, gharama ya usafiri itapanda polepole, na wa kwanza kuilipa atakuwa mfugaji anayekatwa bei ya fahali wake kule Turbi.