Nani Alimwamsha?

Daftari lenyewe ni la kawaida, kama wanayotumia wanafunzi wa shule ya msingi. Jalada limeshikizwa kwa plasta ileile inayoshikilia kanula mikononi mwa watoto. Kila ukurasa ni usiku mmoja wa mtoto mmoja, umepigwa mistari kwa rula. Safu ya kwanza ni saa. Ya pili imeandikwa "Kaamka mwenyewe". Ya tatu, "Tumemwamsha".

Nilikuwa nimekwenda kwenye wodi hiyo ya watoto wenye saratani, jijini Dar es Salaam, kufuatilia habari nyingine kabisa. Safu ya tatu ikaninyima raha, habari ile nikaiweka kando.

Huu hapa usiku wa mtoto wa miaka sita mwenye saratani ya damu, wiki ya kwanza ya matibabu. Saa 4:20, kubadilisha dripu. Saa 5, antibayotiki. Saa 6, joto na mapigo ya moyo. Saa 7:15, kaamka mwenyewe, mkojo. Saa 8:30, mkojo tena. Saa 8:50, njaa, kanywa uji vikombe viwili. Saa 10, joto. Saa 10:40, taa zimewashwa, kitanda cha jirani kimepata mgonjwa. Saa 11 alfajiri, damu ya vipimo. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu: "Saa 3 asubuhi daktari kamkuta amelala, kaandika mtoto amechoka."

Kilichonishika zaidi ni mishale. Mkojo wa saa 7:15 uliandikwa kwanza safu ya pili, kisha ukachorwa mshale kuupeleka safu ya tatu. Wa saa 8:30 vivyo hivyo. Njaa nayo ina mshale.

"Maji tumemwekea sisi," anasema muuguzi mwenye daftari, mama wa makamo ambaye zamu ya usiku ameizoea kuliko ya mchana. "Wiki ya kwanza seli za saratani zinakufa nyingi kwa mpigo, uchafu wake unaelemea figo, kwa hiyo tunamjaza maji usiku kucha. Sasa mtoto akiamka kukojoa, utasema kaamka mwenyewe? Na ile njaa ni deksa. Deksa nani kampa? Ni sisi."

Deksa ni deksamethasoni, dawa ambayo mzazi yeyote wa mtoto mwenye ugonjwa huu anaijua kwa jina la mkato. Inaua seli za saratani na hakuna anayetaka iondolewe. Lakini inaleta njaa isiyoshiba, hasira, machozi yasiyo na sababu, na usiku inavuruga usingizi. Mwanzoni hutolewa mfululizo kwa takriban mwezi mzima. Baadaye, kwenye ratiba nyingi, inarudi siku tano tano kwa vipindi, na safari nzima ya matibabu huchukua miaka miwili hadi mitatu.

Ndiyo, mtoto apone kwanza, mengine baadaye. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani wanapona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Mbele ya pengo hilo, kuzungumzia usingizi kunaweza kuonekana ni kudeka. Nakataa. Mtoto asiyelala hali, hachezi, anagombana na kila sindano, na mama yake aliyejilaza kwenye mkeka chini ya kitanda halali pia.

Na jambo hili limepimwa. Mwaka 2007, Pamela Hinds, muuguzi na mtafiti wa Marekani, pamoja na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 100 wenye saratani ya damu waliovalishwa mkononi kifaa mfano wa saa kinachorekodi mwendo wa mwili, siku tano bila deksa na siku tano wakiwa nayo. Kwenye deksa, usingizi ulivurugika na uchovu ukazidi. Katika kazi yao nyingine ya mwaka huohuo, kwa watoto wenye saratani waliolazwa, walioamka mara nyingi zaidi usiku ndio waliochoka zaidi.

Muuguzi wetu hakuhitaji saa ya mkononi. Daftari lilimtosha kuanza kuhamisha vitu. Dripu sasa inabadilishwa kabla watoto hawajalala. Antibayotiki, joto na mapigo vinafanywa kwa mkupuo mmoja, inapowezekana. Kwa idhini ya daktari, dozi ya pili ya deksa imehamishwa kutoka jioni hadi saa 9 alasiri. Tochi yake ameifunga kipande cha kitambaa cha kijani cha chumba cha upasuaji, imulike dripu bila kumulika uso. Kila mama anaambiwa aweke karibu poti na chupa ya uji wa moto. "Kiporo sitaki kukiona," anasema. "Kinga ya mtoto imeshuka, kiporo kitamletea mengine." Asubuhi, wanaoweza kutembea wanapelekwa barazani wapate jua, wasishinde wamelala.

Yapo yaliyomshinda. Homa kwa mtoto asiye na kinga ni dharura, haingoji kukuche, kwa hiyo joto la saa 10 halifutiki. Anajitahidi kuweka kipimajoto kwapani taratibu. Wengine hawashtuki, wengine wanaamka na kulia hadi adhana ya alfajiri. Deksa yenyewe pia haina mwarobaini. Watafiti wa Uholanzi walijaribu kuongeza haidrokotisoni kidogo ili kupunguza madhara yake. Matokeo ya 2016 yalileta matumaini kwa watoto walioteseka zaidi, lakini jaribio jingine lililochapishwa 2023 halikuona tofauti na dawa bandia.

Na usiku ambao yuko peke yake na wodi imejaa, mipango yote hii inafuata nini? "Inafuata mtoto aliyezidiwa," anasema. Kurasa za siku hizo ni tupu.

Imebaki damu ya saa 11. Inachukuliwa mapema ili majibu yawahi raundi ya madaktari. Ameomba isogezwe hadi saa 1. Maabara wamemwambia ratiba ni ya madaktari, madaktari wakamwambia ni ya maabara. Kwenye faili la kila mtoto kuna sehemu ya joto, ya uzito, ya mkojo, ya choo na ya chakula. Ya usingizi haipo, na sikupata wa kunieleza kwa nini.