Fahamu Namna ya Kutazama Mbio za Baiskeli za Wanawake Zinapopita Mtaani

MASHINDANO ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani yalifanyika barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2025, katika Jiji la Kigali nchini Rwanda, kuanzia Septemba 21 hadi 28. Kwa wakazi wengi wa Afrika Mashariki waliojitokeza kandokando ya barabara au kuyafuatilia kupitia runinga, hiyo ilikuwa nafasi ya kwanza ya kuwashuhudia wanawake ambao kuendesha baiskeli ndiyo ajira yao wakishindana katika kiwango cha juu kabisa.

Mchezo huu una tofauti kubwa na mechi ya mpira wa miguu. Uwanja wake ni barabara ileile inayopitisha mabasi, pikipiki na wanafunzi siku nyingine zote. Anayesimama kandokando ya njia hahitaji tiketi wala hana kiti, na mara nyingi hakuna ukuta unaomtenga na mshindani. Kwa sababu hiyo, mtazamaji wa mara ya kwanza ana mambo mawili ya kujifunza: namna ya kuyaelewa yanayotokea mbele yake, na namna ya kuhakikisha kwamba uwepo wake haumletei madhara mtu yeyote.

Safari ya wanawake katika mchezo huu

Ubingwa wa dunia wa barabarani kwa wanaume wa kulipwa ulianza kushindaniwa mwaka 1927. Wanawake walisubiri hadi mwaka 1958, mashindano yalipofanyika Reims nchini Ufaransa, ambapo Elsy Jacobs wa Luxembourg aliibuka bingwa wao wa kwanza. Katika Michezo ya Olimpiki, mbio za barabarani za wanawake ziliingizwa mwaka 1984 mjini Los Angeles. Mashindano ya Tour de France Femmes, katika sura yake ya sasa, yalianza mwaka 2022 yakiwa na hatua nane na kufikia hatua tisa mwaka 2025.

Mashindano ya Kigali nayo yaliongeza ukurasa katika historia hiyo. Kwa mara ya kwanza, wanawake wenye umri wa chini ya miaka 23 walishindania ubingwa wao katika mbio zao wenyewe. Hapo awali walikimbia pamoja na wakubwa wao, kisha mshindi wao akatafutwa ndani ya matokeo ya jumla.

Aina mbili za mbio

Aina ya kwanza ni mbio za kupimana na saa. Kila mshiriki huondoka peke yake kwa zamu, na mshindi ni yule aliyetumia muda mfupi zaidi. Mjini Kigali, wanawake walikimbia umbali wa kilomita 31.2 siku ya ufunguzi, na Marlen Reusser wa Uswisi akatwaa ubingwa. Kwa mtazamaji mgeni aina hii ni rahisi kuifuatilia, kwani washiriki hupita mmoja mmoja kwa muda mrefu na kila mmoja huonekana vizuri.

Aina ya pili ni mbio za pamoja, ambazo washiriki wote huanza kwa wakati mmoja na anayevuka mstari wa kumalizia wa kwanza ndiye mshindi. Hizi ndizo huvuta watu wengi, na ndizo zinazohitaji maelezo zaidi.

Mahali pa kusimama

Kundi la waendesha baiskeli likiwa katika barabara tambarare hupita kwa sekunde chache tu. Mtu anaweza kusubiri saa mbili, akainamia simu yake, na alipoinua kichwa akakuta kila kitu kimekwisha. Uchaguzi wa mahali pa kusimama ndio unaoamua kama mtazamaji atarudi nyumbani ameridhika.

Kanuni ya kwanza ni kutafuta sehemu ambayo washindani watapita zaidi ya mara moja. Mbio za wanawake za Septemba 27, 2025 mjini Kigali zilikuwa na urefu wa kilomita 164.6, nazo zilifanyika kwa kuzunguka mara 11 njia ya takriban kilomita 15. Aliyesimama mahali pamoja aliwaona washindani karibu kila baada ya dakika 25. Muda huo unatosha kununua maji, kuuliza nani anaongoza na kurejea mahali pake.

Kanuni ya pili ni kusimama penye mwinuko. Huko mwendo hupungua, kundi hukatika vipande, na nyuso za washindani husema nani bado ana nguvu na nani ameishiwa. Mzunguko wa Kigali ulikuwa na miinuko miwili mikubwa: ule wa Kigali Golf, wenye mita 800 na mteremko wa wastani wa asilimia 8.1, na ule wa Kimihurura, wenye kilomita 1.3 na asilimia 6.3, ukiwa na barabara iliyotandazwa mawe. Asilimia nane maana yake ni kwamba kwa kila mita 100 za kwenda mbele, mwendesha baiskeli hupanda juu mita nane. Ikizingatiwa kwamba jiji hilo liko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, ugumu wa kurudia miinuko hiyo mara 11 unaeleweka.

Mstari wa kumalizia nao una raha yake, lakini watu hufurika mapema na anayechelewa huishia kuona migongo ya wenzake. Penye skrini kubwa, mtazamaji anaweza kufuatilia yanayotokea mbali na macho yake.

Mambo ya kuangalia

Mgeni wa mchezo huu mara nyingi hudhani kwamba anayetangulia ndiye anayeelekea kushinda. Hali haiko hivyo. Anayeendesha mbele ya kundi ndiye anayeukata upepo, na walio nyuma yake hutumia nguvu kidogo zaidi kwa mwendo uleule. Hivyo mshindani mwenye nafasi ya kushinda hujificha nyuma ya wenzake wa timu, ambao kazi yao ni kumkinga na upepo, kumletea chupa za maji na kuwafukuza wapinzani wanaochomoka. Wengi wao humaliza wakiwa mbali nyuma, lakini bila wao kiongozi wao asingefika popote.

Katika Mashindano ya Dunia washiriki huvaa jezi za mataifa yao, tofauti na mbio nyingine za msimu ambazo hukimbia kwa ajili ya timu zinazowaajiri. Aidha, hawaruhusiwi kuwasiliana na makocha wao kwa redio za masikioni. Hulazimika kusoma mbio kwa macho na kupata tofauti ya muda kutoka kwenye ubao unaobebwa na pikipiki.

Matokeo ya Kigali ni mfano mzuri wa yanayoweza kutokea katika mazingira hayo. Waliopewa nafasi kubwa ya kushinda, wakiwamo Demi Vollering wa Uholanzi na Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa, walibaki wakitazamana, kila mmoja akisita kuwa wa kwanza kutumia nguvu kuwafukuza waliotangulia. Wakati wakisita, ushindi uliamuliwa mbele yao. Magdeleine Vallieres wa Kanada, mwenye umri wa miaka 24, aliwaacha wenzake katika mwinuko wa mwisho wa Kimihurura na kushinda, akifuatiwa na Niamh Fisher-Black wa New Zealand na Mavi García wa Hispania. Waliokuwa wamesimama kwenye mawe ya Kimihurura waliuona ubingwa wa dunia ukipatikana hatua chache kutoka walipokuwa.

Bingwa hupewa jezi nyeupe yenye mistari mitano ya rangi za buluu, nyekundu, nyeusi, njano na kijani, na huivaa katika mbio za aina hiyo kwa mwaka mzima. Mtazamaji anayeiona katika kundi anafahamu mara moja kwamba huyo ndiye bingwa wa dunia.

Msafara na usalama

Waendesha baiskeli hawapiti peke yao. Mbele yao hutangulia pikipiki za polisi na magari ya waandaaji, na nyuma yao hufuata magari ya timu yenye baiskeli za akiba, magari ya wagonjwa na pikipiki za wapiga picha. Kwa kawaida gari linalotangulia mbio hubeba bendera nyekundu na lile la mwisho bendera ya kijani. Kupita kwa kundi kubwa hakumaanishi kwamba njia imefunguliwa, kwani mshindani aliyeachwa nyuma anaweza kutokea kwenye kona akiwa katika kasi kubwa, na magari ya timu yakimfuata. Barabara huvukwa kwa ruhusa ya askari au mwongoza njia tu.

Madhara ya uzembe yanafahamika. Juni 26, 2021, katika hatua ya kwanza ya Tour de France ya wanaume, mtazamaji mmoja alinyoosha bango barabarani akiwa ameelekea kamera na kuwapa kisogo washindani. Mjerumani Tony Martin aligonga bango hilo na kuanguka, na sehemu kubwa ya kundi ikaanguka pamoja naye. Baadaye mahakama ilimtoza mtazamaji huyo faini ya euro 1,200.

Mtazamaji pia anaweza kuwa msaada. Septemba 26, 2024, Muriel Furrer wa Uswisi, msichana wa miaka 18, alianguka katika eneo la msitu wakati wa Mashindano ya Dunia mjini Zurich na hakugunduliwa mapema. Alifariki dunia siku iliyofuata. Mashindano ya Kigali yalipofika mwaka uliofuata, waendesha baiskeli walifungiwa vifaa vya kufuatilia mahali walipo. Hata hivyo, jicho la mtu aliye karibu bado lina thamani. Anayemwona mshindani akitoka nje ya njia anapaswa kumjulisha mara moja mwongoza njia aliye karibu, na asijaribu kumnyanyua majeruhi yeye mwenyewe.

Watoto washikwe mikono, mbwa wafungwe, na miavuli, bendera na simu zisivuke ukingo wa barabara. Kushangilia kunaruhusiwa na kunatia moyo, lakini kumsukuma au kumgusa mshindani hakufai hata kama nia ni njema.

Maandalizi ya siku yenyewe

Mbio za barabarani hubadili ratiba ya mji mzima. Kigali ilifunga shule kwa kipindi cha mashindano na kuwahimiza watumishi wa umma kufanya kazi wakiwa nyumbani, ili kupunguza msongamano wa magari. Mwananchi anayekusudia kuhudhuria anashauriwa kusoma mapema tangazo la mamlaka kuhusu barabara zitakazofungwa na saa zake, kufika kabla ya njia kufungwa, na kujua atarudi kwa njia ipi. Maji, kofia na koti la mvua ni muhimu, kwa kuwa mbio zile za Septemba 27 zilidumu zaidi ya saa nne na nusu.

Waafrika wa kufuatiliwa

Mtazamaji wa Afrika ana sababu ya ziada ya kuujua mchezo huu. Kimberley Le Court wa Mauritius alishinda mbio kongwe za Liège–Bastogne–Liège kwa wanawake Aprili 2025, na miezi michache baadaye akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kuvaa jezi ya njano ya anayeongoza Tour de France Femmes. Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, ambako mashindano ya baiskeli ya wanawake yamekuwa yakivuta umati kwa miaka mingi, mafanikio hayo yanawapa wasichana mfano wa karibu.

Mashindano ya Dunia yajayo yamepangwa kufanyika Montréal nchini Kanada mwezi Septemba 2026, ambako Vallieres atatetea ubingwa wake mbele ya wananchi wenzake.