Shahada ya afya si mwisho wa safari

Matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi wa Arua na Koboko huniuliza swali moja: "Mwalimu, mtoto akisomea udaktari, kazi ataipata wapi?" Wengi wao ni wafanyabiashara wa Ariwara, Vurra na Oraba. Mtu aliyezoea kuhesabu mtaji kabla ya kununua mzigo ana haki ya kuuliza hivyo. Kwa hiyo leo nawaeleza njia yenyewe ilivyo, ili asiwepo wa kuuza ng'ombe gizani.

Shahada ya tiba huchukua miaka mitano. Shule ya tiba ya Makerere ilianza mwaka 1924. Mbarara ikafuata mwaka 1989, na Gulu mwaka 2004. Hapa kwetu Arua tuna Chuo Kikuu cha Muni, kinachofundisha uuguzi kwa ngazi ya shahada. Lakini siku ya kuvaa joho mhitimu bado hajawa daktari kamili. Lazima afanye mwaka mmoja wa utarajali katika hospitali iliyoidhinishwa, ndipo baraza la madaktari limsajili. Bila usajili, kutibu watu ni kosa la jinai.

Hapo ndipo wazazi wengi hushtuka. Mwaka 2023 posho ya watarajali, iliyokuwa imeahidiwa kuwa Sh 2.5 milioni kwa mwezi, ilipunguzwa hadi Sh 1 milioni, na wahitimu wengi walikaa nyumbani miezi kadhaa wakisubiri kupangiwa hospitali. Mzazi aliyemaliza akiba yake siku ya mahafali hupata tabu kipindi hicho. Basi weka kando fedha za mwaka mmoja zaidi.

Baada ya usajili, njia ziko kadhaa. Ya kwanza ni serikali. Kituo cha afya cha daraja la nne na hospitali ya wilaya vinahitaji daktari, na tangu mwaka wa fedha 2022/23 mshahara wa daktari wa kawaida ulipandishwa hadi Sh 5 milioni kwa mwezi. Tatizo ni nafasi. Wilaya hutangaza kazi pale tu inapopata fungu la mishahara, na waombaji ni wengi.

Njia ya pili ni hospitali za dini. Kuluva, kusini mwa mji wa Arua, ni mfano mzuri wa jinsi hospitali ya kijijini inavyoweza kumkuza mtaalamu. Mwaka 1961 Dkt. Ted Williams wa Kuluva alikuwa mmoja wa wawili waliofunga safari ndefu na Dkt. Denis Burkitt kuchunguza saratani ya taya ya watoto. Daftari za wagonjwa wa Kuluva zilisaidia watafiti kuuelewa ugonjwa huo, ambao dunia nzima huuita kwa jina la Burkitt. Utafiti huo ulitegemea wagonjwa wa huku kwetu.

Njia ya tatu ni mashirika ya misaada. Bidibidi ilipofunguliwa Yumbe mwaka 2016, vijana wetu wengi waliajiriwa kuhudumia wakimbizi, na walilipwa vizuri. Lakini mikataba ile ilikuwa ya muda. Marekani ilipokata misaada mwaka 2025, wapo waliorudi nyumbani na barua mkononi. Kazi ya mradi ni sawa na soko la mnada: siku yake ikifika uza, ila usijenge nyumba juu yake.

Wengine huvuka mpaka kwenda Juba au mbali zaidi. Mwaka 2014 mpango wa serikali wa kupeleka wahudumu wa afya zaidi ya 200 Trinidad na Tobago ulifikishwa mahakamani na raia waliouliza nani atabaki kutibu Waganda. Swali hilo bado lina uzito wake.

Msidhani, wazazi wenzangu, kwamba afya ni udaktari tu. Waliorejea kutoka Sudan miaka ya 1980 wanaukumbuka ugonjwa wa malale. Mwaka 1986 shirika la Médecins Sans Frontières lilianza kuutibu Moyo, na baadaye likafika Omugo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa malale ya aina ya kwetu si tatizo tena la afya ya jamii nchini Uganda. Ushindi huo uliletwa pia na mafundi wa maabara waliopima damu, na wauguzi waliokesha na wagonjwa.

Ipo pia njia ya ngazi. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, binti wa mama muuza vitenge, hakupata alama za chuo kikuu. Alianza na cheti cha uuguzi, akafanya kazi kwenye kituo cha afya cha daraja la tatu, akaongeza stashahada, na sasa anasomea shahada akiwa tayari na kazi. Ada anajilipia. Wenzake waliokwenda moja kwa moja walimtangulia kwa miaka, lakini yeye hakumwachia mama yake deni.

Neno la mwisho ni kwa tuliosomea ng'ambo ya mpaka. Mimi nilisoma Zaire, na niliporudi, cheti changu cha Kifaransa kilizungushwa ofisini wiki nyingi kwa sababu hakuna aliyeweza kukisoma. Leo Congo na Sudan Kusini zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini vyeti havivuki mpaka vyenyewe. Cheti cha sekondari cha nje hulinganishwa na baraza la mitihani, UNEB. Shahada hupelekwa kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Kisha baraza la taaluma husika humpima mhitimu kabla ya kumsajili. Anayemsomesha mtoto Kisangani au Bunia aulize masharti hayo kabla ya kulipa ada ya mwaka wa kwanza, maana miaka sita ya masomo ni mingi mno kwa mtu kugundua mlangoni kwamba karatasi moja imepungua.