Kitanda cha Kijana: Tatu kwa Sita, Nne kwa Sita, ama Tano?

Mtoto akifika miaka kumi na tatu, kitanda chake cha utotoni huanza kufanana na kiatu cha mwaka jana. Vidole vya miguu vinagusa ubao wa chini, godoro limebonyea katikati, na mwenyewe ameanza kudai mlango wake ufungwe. Mzazi anaingia kwa simu, anaona tangazo la tano kwa sita lenye kichwa cha kitambaa laini, picha safi, bei ya kuvutia. Kabla chai ipoe, dipoziti imeshatumwa.

Pesa nyingi za vitanda hupita kwa simu: dipoziti, ya mbao, ya usafiri, salio. Kwa hivyo tuko na mengi ya kusema kuhusu malipo, na tutafika huko. Lakini kitanda kisichoenea kwa chumba hakirekebishwi na risiti nzuri, basi tuanze na futi.

Futi zinazosahaulika

Hapa Kenya tunataja upana kwanza: mbili na nusu kwa sita (ile ya bweni), tatu kwa sita, tatu na nusu kwa sita, nne kwa sita, tano kwa sita, na sita kwa sita ya wazazi. Ukisikiliza vizuri, upana ndio unaobadilika. Ile sita ya mwisho inakaa pale pale, na ndiyo maana hakuna anayeiuliza. Kwa kijana, iulize hiyo kwanza.

Futi sita ni sentimita 183. Jedwali la ukuaji la Shirika la Afya Duniani la 2007 linaonyesha mvulana wa kimo cha kati akiwa na sentimita 156 hivi akiwa na miaka 13, na 175 hivi akifika 17. Msichana wa kati anatoka hapo hapo kwenye 156 na kufika kama 163, kwa sababu wasichana huwahi kurefuka kisha hutulia mapema. Maana yake ni kwamba mvulana unayemnunulia kitanda leo huenda akaongeza zaidi ya nusu futi akiwa bado anakilalia. Kwenye godoro la sentimita 183, mtu wa 175 anabakiwa na sentimita nane tu, na bado hujaweka mto. Na hiyo ni kimo cha kati. Kama baba ni mrefu na wajomba ni warefu, unajua mwenyewe.

Habari njema ni kwamba "sita" si moja. Magodoro mengine yana urefu wa inchi 72, ambazo ndizo futi sita kamili, na mengine yana inchi 75, ambazo ni kama sentimita 190. Hizo inchi tatu zinamtosha kijana wengi wao maisha yote. Kwa hivyo dukani usiseme tu "nataka nne kwa sita." Uliza inchi. Na ukishajua inchi za godoro, mpe fundi namba hizo hizo, kwa sababu fremu ya 72 haimezi godoro la 75, na godoro la 72 kwenye fremu ya 75 linaacha shimo ambalo simu na chaja zitakuwa zinatumbukia kila usiku. Kama fundi anatengeneza kwa oda, kuongeza inchi chache za urefu ni mbao kidogo tu. Kuongeza baadaye ni kitanda kipya.

Chumba kinasema nini

Sasa upana. Hapa mzazi na kijana huwa hawakubaliani, maana kijana anataka tano kwa sita kama ya rafiki yake, na mzazi anataka kitu kitakachoacha nafasi ya kupiga deki.

Chukua tepu, usikadirie kwa hatua. Tuseme chumba ni futi kumi kwa kumi, ambacho kwa nyumba nyingi za kupanga ni chumba cha heshima. Kabati la nguo lina kina cha futi mbili. Kitanda cha tano kwa sita, ukiongeza unene wa mbao za fremu, kinafika kama futi tano na inchi nne. Ukiviweka vikitazamana, kati yao inabaki futi mbili na inchi nane. Mtu anapita, ndiyo, lakini mlango wa kabati ukifunguka hapo hakuna anayepita, na meza ya kusomea imekosa mahali. Badilisha hiyo iwe nne kwa sita, unapata futi tatu na inchi nane. Hiyo futi moja ndiyo inayotoa kiti nyuma ya meza.

Chumba cha futi nane kwa tisa, ambavyo ndivyo wengi wetu tulivyolelewa, ni hesabu nyingine. Hapo nne kwa sita inakaa kwa kubanana. Tatu na nusu kwa sita inakuachia futi mbili na inchi mbili mbele ya kabati la futi mbili, na tungechagua hiyo bila kufikiria sana. Ukipata kabati la milango ya kuteleza, bora zaidi.

Halafu kuna vitu ambavyo tepu haioni mpaka siku ya kuleta kitanda. Mlango wa chumba unafunguka kwa ndani na unahitaji nafasi yake. Dirisha: kitanda kikikaa chini yake, mvua ya upepo inalowesha godoro. Soketi, ambayo lazima iwe mahali mtoto ataifikia bila kuvuta waya wa ekstensheni juu ya blanketi. Na ngazi! Kwa ghorofa ya nne isiyo na lifti, kile kichwa cha kitanda kilichotengenezwa kipande kimoja na fremu kitagoma pale kwenye kona ya ngazi. Sema mapema kwamba unataka fremu ya kufungwa kwa nati na bolti, si ya gundi na misumari. Kama unapanga nyumba, hiyo ni lazima, maana utahama, na kitanda kilichofunguliwa vipande kinaingia kwenye pikapu pamoja na viti badala ya kudai safari yake peke yake.

Kwa hivyo kama unatusukuma tuseme moja: kwa kijana anayelala peke yake kila siku nyumbani, nne kwa sita. Ana nafasi ya kujigeuza, binamu akija likizo wanabanana wawili, na hata akianza kujitegemea kitanda kinamfuata mpaka kwa bedsita yake. Shuka na duveti za nne kwa sita pia zinapatikana kwa urahisi kila soko, ilhali wa tatu na nusu mara nyingi huishia kununua za nne na kuzikunja chini ya godoro.

Isipokuwa mtoto yuko bweni. Anayerudi Aprili, Agosti na Desemba pekee hahitaji futi nne zilizokaa tupu miezi mingine yote, hasa kama chumba hicho ndicho mdogo wake anasomea. Tatu kwa sita inamtosha. Lakini usimpangie kulalia godoro la shule akiwa nyumbani. Lile la mbili na nusu limebebwa juu ya matatu, limelala kwa stoo, limemwagiwa chai na watu asiowajua. Liache lifanye kazi ya bweni.

Wakiwa wawili chumba kimoja, dabodeka. Wengi hupenda ile ya nne chini na tatu juu, mkubwa akichukua chini. Angalia mambo mawili kabla ya rangi. Kingo za juu zipite godoro kwa angalau inchi tano, na upime ukiwa umeshaweka godoro lenyewe, kwa sababu godoro la inchi nane linaweza kumeza kingo yote. Pili, kutoka juu ya godoro hadi dari kuwe na nafasi ya mtoto kukaa wima, futi tatu hivi. Kwa nyumba ya mabati bila dari, yule wa juu atalala ndani ya joto la mchana kutwa, na si kila mtoto atakwambia. Atahamia tu sakafuni.

Unene wa godoro tupite haraka: mwili wa kijana unaoongezeka kilo unataka godoro gumu, na mbao za chini zikipishana kwa nafasi kubwa zitaliua godoro lolote zuri. Mkono wako usipenye kati ya mbao na mbao.

Sasa pesa

Hapa ndipo tunapokea simu nyingi za wateja, na tutaongea wazi.

Mtu akikosea namba akituma pesa, kuna utaratibu wa kuomba zirudishwe, na ukiwahi kabla hazijatolewa una nafasi nzuri. Lakini ukimtumia fundi kwa hiari yako, kwa namba yake sahihi, kisha akakuletea tatu na nusu ulipoagiza nne, ama asilete chochote, huo si muamala uliokosewa. Hatuwezi kuingia kwa akaunti yake tukazitoa. Wateja hukasirika tukiwaambia hivyo, na tunaelewa, lakini ni afadhali uyasikie leo kuliko baada ya kutuma.

Kwa hivyo gawanya malipo yafuate kazi. Tuseme mmekubaliana 18,000. Fundi anahitaji kitu cha kununulia mbao, hiyo ni haki yake, si utapeli. Mpe 6,000. Fremu ikisimama, kabla ya vanishi, pita karakanani na tepu yako, ama kama uko mbali mwambie akupigie video ameweka tepu juu ya fremu, namba zikionekana. Hapo ongeza 6,000. Ya mwisho ibaki kwako mpaka kitanda kiwe ndani ya chumba. Anayekataa mpango huu na kudai yote mbele, hata kama picha zake zinapendeza, tungemuacha. Picha za vitanda huzunguka mtandaoni kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Muombe akupigie moja ya kitanda hicho hicho akiwa ameweka kikaratasi chenye jina lako juu yake. Mwenye karakana ya kweli inamchukua dakika moja.

Ukilipa, lipa kwa till ya biashara kama anayo, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Jina likiwa si la duka wala la mtu mliyeongea naye, simama, piga simu. Ile hadithi ya "tuma kwa namba ya bibi yangu, yangu imefika kikomo" huenda ni kweli, lakini siku ya kudai kitanda utakuwa unamdai mtu ambaye hamkuongea. Na "ya usafiri" isitumwe kwa dereva usiyemjua ambaye amekupigia tu akisema yuko njiani na kitanda chako amekwama.

Kabla ya shilingi ya kwanza, mwandikie fundi ujumbe mfupi: upana na urefu kwa inchi, aina ya mbao, bei yote, tarehe, na kama usafiri uko ndani. Akijibu "sawa," mna makubaliano. Ukiunganisha ujumbe huo na meseji za malipo, una ushahidi unaoeleweka. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa chini ya sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Mafundi wengi wakijua unajua hivyo, mambo hutengenezwa kabla ya kufika huko.

Na kama pesa haijatosha? Usikope mkopo wa simu wa mwezi mmoja kununua kitanda cha miaka kumi. Tunajua tunauza huduma za pesa, lakini hilo tungemwambia hata ndugu yetu. Mtoto hawezi kukua futi wiki hii. Mia tano kila Jumamosi, ikiingia mahali tofauti na pesa za matumizi, ni 12,000 kwa wiki 24. Anza na godoro zuri la inchi 75 sakafuni juu ya mkeka, liinue asubuhi lipate hewa, kisha fremu ifuate Desemba. Vijana wengine wanaipenda zaidi hivyo, ati inakaa kama keja ya msanii.

Siku kitanda kikifika, usiruhusu haraka ya mtu wa pikapu ikuharakishe. Fundi afunge bolti zote, mlango wa chumba ufunguliwe na kufungwa, kabati lijaribiwe. Mwite mwenye kitanda ajilaze, anyooshe miguu, ajigeuze mara mbili tatu, kisha akae ukingoni kwa uzito wake wote. Kikilia, kikazwe hapo hapo. Ndipo utoe simu, usome jina, na utume ile 6,000 ya mwisho.