Kenya na Suala la Mafundi

Mwaka 2013 nchi jirani ya Kenya ilifanya mambo mawili yaliyovutana. Vyuo vyake vikongwe vya ufundi, kile cha Nairobi kilichofunguliwa mwaka 1961 na mwenzake wa Mombasa, vilipandishwa daraja vikawa vyuo vikuu. Mwaka huo huo ikaanza kutumika sheria mpya ya elimu na mafunzo ya ufundi, yenye nia ya kuongeza mafundi mchundo na mafundi sanifu. Stashahada hazikufutwa katika vyuo hivyo viwili, lakini heshima ilikwisha kuhamia kwenye shahada. Na ni mzazi gani asiyependa kumwona mwanawe amevaa joho?

Kiini cha mageuzi yaliyofuata ni namna ya kumpima mwanafunzi. Waajiri hushirikishwa kueleza kazi ambazo fundi wa fani fulani hana budi kuziweza. Mitaala huandikwa kufuatana na kazi hizo. Kisha mwanafunzi wa umeme au wa magari huzifanya kwa mikono yake mbele ya mpimaji. Akishindwa, huhesabiwa kuwa hajawa tayari, hurudi kujifunza zaidi. Askari halioni hilo kuwa jambo geni, kwani hakuna aliyepata shabaha kwa kunakili daftarini maelezo ya bunduki.

Hata hivyo shabaha haipatikani bila risasi. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza Kenya mwaka 1985, uliingiza useremala na stadi nyingine za mikono shuleni, ila shule nyingi hazikuwa na karakana, na randa ikafundishwa kwa chaki ubaoni. Mtaala mpya nao utakwama hapo hapo iwapo mashine ni za zamani na mwalimu hajapata kuigusa injini ya kisasa inayoendeshwa kwa kompyuta.

Kenya imekubali pia kwamba fundi wa jua kali, aliyejifunza kazini, apimwe na kupewa cheti. Nchini Tanzania, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufanya upimaji wa namna hiyo. Sajini aliyetengeneza malori ya kikosi kwa miaka 20 huiacha karakana hiyo siku anapostaafu. Mwenye gereji mjini, asiyemfahamu, humwuliza cheti kabla ya kumkabidhi spana.