Trauti Hapatikani Feri: Tunavyopanga Safari ya Ziwa Ellis

Kijana aliyekulia Mbagala au Tandika anamjua samaki kwa njia mbili: fungu la vibua kutoka Feri, au sato wa kukaanga pale stendi. Nilipowaambia wana wa mtaani kwamba likizo ndefu hii tunakwenda wanne kuvua trauti, swali la kwanza likawa, "Huyo anauzwa bei gani?" Trauti hanunuliwi sokoni huku kwetu, anafuatwa aliko. Na kinachoamua ufuate wapi, lini na kwa shilingi ngapi ni kitu kimoja tu, baridi.

Trauti hustawi kwenye maji ya nyuzi joto 10 hadi 16 hivi, na maji yakikaribia 25 yuko hatarini kufa. Sababu ni oksijeni. Tukipima usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 10 hubeba takribani miligramu 11 za oksijeni, ya nyuzi 28 haifikishi hata 8. Wakati huohuo mwili wa samaki ukipata joto huchoma oksijeni haraka zaidi. Kwa hiyo trauti ukimtia kwenye maji ya huku Dar anabanwa pande zote mbili: hewa inapungua, mahitaji yanapanda.

Baridi tunaipata wapi karibu na ikweta? Juu. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Chukua 27 ya Dar, panda mita 3,400, toa kama 20, unabaki na 7. Huko ndiko liliko Ziwa Ellis, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, juu ya mji wa Chogoria. Kwa asiyetaka kuvuka mpaka, Mufindi nako wapo trauti kwenye mabwawa ya maeneo ya chai, ila mabwawa yale yana wenyewe, lazima uombe ruhusa kwanza. Sisi tumechagua mlima.

Samaki mwenyewe ni mgeni kama sisi. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule mlowezi aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, alileta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskochi, wakapandwa mto Gura kwenye safu ya Aberdare. Trauti wa upinde, ambao asili yao ni mito ya magharibi mwa Amerika ya Kaskazini, walifuata baadaye. Aina zote mbili zimo kwenye orodha ya IUCN ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, orodha ileile aliyomo sangara wa Ziwa Victoria. Nalisema hili kwa sababu kuna watakaokuambia kuvua trauti ni kuharibu mazingira. Kwa samaki huyu, mimi naona hoja hiyo inasimama kichwa chini.

Sasa sehemu ninayotaka tuisome kwa makini. Mtu wa Temeke anaishi mita chache tu juu ya bahari. Ukimpeleka mita 3,400 kwa siku moja, kichwa kitamgonga, atatapika, na usingizi hautakuja. Maradhi ya mwinuko huanza kuwapata watu kuanzia kama mita 2,500, na hayajali kwamba wewe ni mshambuliaji wa timu ya kitivo. Ratiba yetu kwa hiyo ina usiku mmoja Chogoria mjini, usiku wa pili karibu na geti la hifadhi, halafu ndiyo ziwani, mwendo wa saa chache kwa miguu. Tumekubaliana na sheria moja isiyo na mjadala: akianza mtu kuyumba au kuchanganyikiwa, anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na hata kama samaki wanauma. Hashuki peke yake.

Tarehe imejipanga yenyewe. Mvua za Mlima Kenya ni Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba. Agosti ni kavu, UE zimeisha, na kama boom limetunzwa tangu mwanzo wa semista nauli ipo. Basi kutoka Mbezi hadi Nairobi kupitia Namanga, kisha matatu kupitia Embu na Chuka. Pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, kadi ya homa ya manjano. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa siku, na KWS hawapokei taslimu getini, unalipa kwa mtandao. Ndiyo maana usiku wa Chogoria tumeuweka mjini, nje ya hifadhi: unazoea hewa bila kulipa kiingilio. Kibali cha kuvua ni cha peke yake, usidhani kimo ndani ya kiingilio.

Vifaa ndivyo vinavyochekesha. Huku pwani mshipi unarushwa kwa mkono, na uzito wa risasi ndio unaoubeba. Kwa trauti chambo ni nzi wa bandia, kandoana kaliko kafungwa manyoya na uzi, hakana uzito wowote. Ukikarusha kanaanguka miguuni pako. Kwa hiyo uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene, nao ndio unaopigwa huku na huku kwa fimbo ndefu laini hadi umvute nzi mbele. Kwenye ncha kuna kipande chembamba kisichoonekana, maana maji ni maangavu na trauti anaona vizuri. Tunafanya mazoezi jioni kwenye uwanja wa mpira, bila ndoana, na watoto wa mtaa wamekwisha tupa jina.

Fimbo ni mbili kwa watu wanne, tutapokezana. Masweta tumepata mtumbani Tandika. Kilichobaki ni mabegi ya kulalia ya kuazima, na mama yangu, ambaye bado anauliza kwa nini nisiende Feri.